Siku Mia Moja Kumi na Mbili

4 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko kazini. Sisi hatujambo, ila goti la Bibi linamsumbua na simu yake bado imekufa, kwa hiyo usihangaike kupiga.

Darasa la nne sasa tunasoma mfuatano wa namba. Unatafuta kanuni, halafu unajaza namba inayofuata. Kwenye jaribio tuliambiwa kila mtu atunge mfuatano wake. Wenzangu wakaandika 2, 4, 6. Mimi nikaandika 7, 14, 28, 56. Ni siku zilizopita kati ya barua yako moja na nyingine, nilishazihesabu nyumbani. Kanuni: zidisha kwa mbili. Inayofuata ni 112, yaani utaandika tarehe 10 Agosti.

Mwalimu akaweka vema, akaandika "Hodari!" Hakuuliza namba nimezitoa wapi.

Desemba utakuja kunichukua, sivyo? Bibi anasema nisikuulizeulize.

Mwanao

10 Agosti

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Hamjambo? Goti la Bibi yako linaendeleaje? Mimi nipo tu.

Barua yako niliipata Mei hiyohiyo. Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha kufulia, nikasema huyu profesa nitamuumbua, namjibu kesho. Kesho yake kulikuwa na mashuka ya hoteli nzima ya kupiga pasi. Keshokutwa yake vivyo hivyo. Leo nimeshaandika tarehe hapo juu ndipo nikaona ni ileile uliyoitaja. Sikupanga, mwanangu. Nimekaa nikaitazama, wala machozi hayakuja.

Kuna jambo nimekuwa nikilikwepa. Desemba siji. Nimeongeza mkataba, miaka miwili. Nilisaini tangu Januari, na kila nikishika kalamu nikuambie, nashindwa, naiweka chini.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mama yako

24 Agosti

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Goti la Bibi limepata nafuu.

Barua imefika. Bibi aliisoma kwa sauti, akachukua ndoo kwenda kuteka maji ilhali mapipa yote yamejaa. Mimi nilikaa nikingoja nikasirike. Hasira haikuja. Nimekuwa kama mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi. Nauona ni wangu lakini siusikii.

Jibu langu la jaribio lilikuwa sahihi. Sikutaka liwe sahihi. Nilidhani ukiliona utaandika mapema, hata wiki moja tu, ili nikose. Namba inayofuata sijaitafuta.

Juzi shuleni tuligawiwa fomu za mwakani tujaze wenyewe, kwa wino. Palipotaka jina la mzazi nimeandika la Bibi. Mwalimu akaja mezani kwangu, akaniambia mstari wa mlezi ni ule wa chini, nimekosea. Nikamwambia sijakosea.

Mwanao