Kikopo Kisicho na Jina

Kasongo, Jumamosi

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na nyumba yote. Je, mgongo umetulia? Junior anaendelea na masomo? Na shangazi Marguerite, bado anagombana na mbuzi wake? Mimi naendelea, isipokuwa jambo moja, na ndilo lililonikalisha niandike. Ningepiga simu, lakini unajua sauti yangu inavyokauka. Barua hii nampa Ayoubu wa pikipiki. Tafadhali isome peke yako, polepole. Usimpe baba mdogo Célestin aisome mbele ya watu kama kawaida yake.

Siku mlipotangaza kanisani kwamba nitasoma mambo mawili kwa pamoja, biashara na sayansi ya magonjwa, watu walipiga vigelegele nami nikatazama chini. Hata hapa natazama chini. Asubuhi tunajifunza faida na hasara, mchana tunavaa koti jeupe na kuinamia darubini. Sonia, ninayelala naye chumba kimoja, husema nitamaliza na diplome mbili na shingo moja iliyopinda.

Mwanzoni profesa wa biashara alitaka kila mmoja aeleze kazi inayolisha nyumba yao. Yako naijua yote: kuloweka mihogo kijitoni, kuimenya tukiwa tumesimama majini, kuianika, kuitwanga, kuuza unga. Lakini wenzangu walitaja duka la dawa, duka la simu. Zamu yangu ilipofika nikasema mama anauza vitenge. Profesa akasifu. Mama, kiti kilinichoma.

Wiki hii asistenti wa maabara alituagiza kila mmoja alete choo chake katika kikopo chenye jina, tukichunguze wenyewe. Mimi natumia darubini moja na Nadine, binti wa mwalimu wa hapa mjini. Nadine alikuwa amekwenda nje kunawa mikono wakati asistenti alipotazama kwenye darubini yetu. Akaona yai lenye mwiba ubavuni, la mdudu wa kichocho cha tumbo, akafurahi, akawaita wote waje kuona. Kikopo hakikuwa na jina. Akauliza, "Hii iko ya nani?" Sauti moja ndogo ikajibu kwamba ni ya Nadine.

Aliporudi walikuwa wanamngoja. "Nadine, kumbe unaogaka na konokono!" Mwenzetu Fidèle akauliza kama kwao wanalala mtoni. Nadine alikana mpaka akalia, akachukua mfuko wake akaondoka. Tangu hapo hajarudi darasani.

Mama, sauti ile ilikuwa yangu. Na choo kile kilikuwa changu. Niliona haya kuandika jina.

Mdudu huyu huingia kwenye ngozi ya mtu anayesimama katika maji yenye konokono wadogo. Ni kijito chetu, Mama. Ile damu katika choo cha Junior, tuliyosema ni ya maembe mabichi, nadhani si ya maembe. Nenda naye kituo cha afya, upimwe na wewe. Vidonge vipo, mimi nimeshameza vyangu. Na mihogo tuiloweke katika mapipa nyuma ya nyumba. Najua kuchota maji ni kazi, na najua kijito ndicho kilichonisomesha. Usidhani nakidharau. Nimekwisha kukidharau vya kutosha.

Leo mchana nimekwenda kwa kina Nadine. Alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha. Akasema tu, "Mimi nimesikia. Na wenzetu je?" Akafunga.

Jumatatu tunapeleka vikopo tena. Changu kiko hapa mezani, bado kitupu, lakini nimekiandika jina lote kwa herufi kubwa. Nitasimama mbele yao, nianze na kazi ya mama yangu, kisha nifike kwenye yai. Niombee sauti isikauke.

Nisalimie shangazi na mbuzi wake, na baba mdogo hata kama amekasirika kunyimwa barua. Junior mwambie asiingie majini mpaka nije. Mungu awalinde.

Binti yako, binti wa muuza unga wa mihogo,

ARLETTE FEZA