Sufuri za Jumapili

Ijumaa, Aprili 1996. Gitothua.

Mawingu yamekaa chini tangu asubuhi kama yana neno la kusema, halafu hayasemi. Mkebe wangu leo: sufuri. Moyo wangu sitaki kuupima.

Wamemchagua Nyokabi.

Nimeliandika hivyo tu, wino ukauke, nione kama litauma kidogo. Linauma vilevile.

Akinyi, yule msichana wa chuo kikuu, ndiye aliyeniletea habari saa nane mchana, viatu vimejaa udongo mwekundu. Wiki tatu sasa anazunguka kutoka Thika hadi huku Ruiru akitafuta watu walioandika mvua miaka mingi. Utafiti wao ni wa safari ya maji: yanavyoshuka kutoka angani, yanavyoingia ardhini, yanavyorudi juu, na kama safari hiyo imebadilika. Walitaka boma moja la kuweka kipimo kipya, na mtu mmoja wa kukisoma kila siku saa tatu asubuhi, jina lake liandikwe kwenye ripoti. Upande wetu tulibaki wawili, mimi na Nyokabi.

Mimi nilianza mwaka wa kile kiangazi cha themanini na nne, miche yangu ya kuuza ilipokaukia kwenye mifuko. Niliapa sitabahatisha mvua tena. Nikachukua mkebe wa maziwa ya unga, rula ya mtoto, daftari na penseli. Mkebe ukiwa na upana mmoja juu hadi chini, milimita ni milimita. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nililifikiria mwenyewe nikipalilia.

Nyokabi alipewa. Mumewe alikuwa karani wa shamba la kahawa, na meneja alipoondoka akawaachia kipimo cha shaba na kitabu kilichochorwa mistari tayari. Hata mistari hakuchora. Shuleni tulikaa dawati moja. Hesabu, mimi namba moja, yeye namba kumi na moja, na hiyo kumi na moja aliipata kwa kuchungulia kwangu. Mimi karo ilinikwamisha darasa la saba. Yeye alifika kidato cha nne, akarudi na ule mwandiko wa kulala upande mmoja. Mvua anaisoma akiwa na slipa, kikombe cha chai mkononi.

Sasa nikiri.

Jumanne Akinyi alikuja na vitabu vyote viwili, changu na cha Nyokabi, akaviacha mezani kwangu akaenda kuangalia miche. Nilifungua cha Nyokabi. Nilidhani nitatazama ukurasa mmoja tu. Akinyi aliporudi, nilikuwa nimeshaona.

Jumapili zote ni sufuri.

Miaka kumi na miwili, Jumapili mia sita na ishirini na nne, kwa Nyokabi hakukuanguka tone. Mwezi wa nne, sufuri. Mwezi wa kumi na moja, sufuri. Mimi nazikumbuka Jumapili ambazo maji yaliingia hadi jikoni, lakini kwake kulikuwa kukavu.

Nilifurahi. Haikuwa furaha nzuri, na niliionja mpaka mwisho.

Nilimwonyesha Akinyi palepale, nikijifanya namhurumia Nyokabi. "Sijui, pengine ni macho," nikasema.

Akinyi hakushtuka. "Jumapili anaenda kanisani mapema, Mama. Maji anayaacha humo, Jumatatu anasoma ya siku mbili pamoja. Niliijumlisha. Ya mwezi haipotei."

Ningeliona mwenyewe. Hesabu ni zangu. Jumatatu zake zote ni nene, lakini mimi nilikuwa natafuta sufuri, nikaona sufuri peke yake.

Leo ndipo alipokuja na karatasi aliyochora mistari miwili ya mvua, mmoja wangu na mmoja wa Nyokabi. Miaka ya kwanza inatembea pamoja kama mapacha. Halafu wangu unaanza kushuka, mwaka kwa mwaka, taratibu. Nikamwambia ndiyo hiyo, mvua inapungua, miaka mitano nimeisema kwenye kikundi cha akina mama, hata watu wa Murera wakija kununua miche nawaambia. Nina daftari.

Akinyi aliinua macho, akayapeleka polepole juu ya mkebe wangu.

"Mama, huu mti wa mukima uliupanda lini?"

Themanini na tano. Ndio mche wa kwanza niliouotesha na nikakataa kuuuza. Niliuweka hatua nne kutoka kwenye mkebe, nikaumwagilia, nikajivunia. Matawi yalikuja kidogokidogo, kama mtu anayekusogelea kwenye benchi, na mimi nilipita chini yake kila asubuhi na rula mkononi nisione.

Mvua haikupungua. Ilikuwa inaishia juu ya mti wangu.

Akinyi alisema haikupotea bure. Maji yanayobaki kwenye majani hurudi angani jua likitoka, bila kugusa ardhi, na hiyo nayo ni sehemu ya safari, na daftari langu limeonyesha jinsi mti unavyoyazuia ukikua. Atalitumia kwa hilo. Labda ni kweli. Lakini maneno ya kumpa mtu aliyeshindwa nayajua. Mimi huwapa wateja ambao miche yao imekufa.

Nilimuuliza, basi mvua inabadilika au haibadiliki? Akasema bado hawajui, miaka kumi na miwili ni michache. Msichana wa chuo kikuu anasema hajui, na mimi wa darasa la saba nilijua miaka mitano mizima. Jumatano kwenye kikundi itabidi nisimame niwaambie ilikuwa ni mti.

Saa kumi na moja Nyokabi mwenyewe akaingia, na slipa zake. Nilijua amekuja kujishaua. Akakalia ndoo yangu.

"Nasikia Jumanne uliziona Jumapili zangu."

"Niliziona."

"Na hukucheka?"

"Nilicheka sana."

Akacheka na yeye, na hilo liliniudhi zaidi. "Haiya. Sasa sikia. Hicho kipimo kipya hakitaki Jumatatu ya siku mbili. Na mimi kanisa siachi. Nyinyi mnaosali Jumamosi, Jumapili si mnakaa tu?"

"Tunakaa tu?"

"Si ukuje unisomee. Ufunguo wa geti nitauacha chini ya karai." Alipofika njiani akageuka. "Na uandike vizuri. Mimi nitachungulia, kama zamani."

Kitu kingine ambacho sijawahi kukiandika humu: mkebe wangu nimeusoma kila Jumamosi, kabla sijaoga, nikijiambia kutazama maji si kazi. Kisha naenda kanisani nimenyooka. Nyokabi aliandika uongo kwenye kitabu, lakini hakumwibia Mungu wake hata siku moja. Mimi kitabu changu ni safi, na Sabato zote nimeziiba. Nimejaribu kupiga hesabu nani amemzidi mwenzake. Haikubali kugawanyika.

Panga nililitoa, nikalirudisha. Mukima utabaki. Nimeuhamisha mkebe hatua ishirini, mahali peupe, na nimeandika kwenye daftari siku niliyouhamisha na kwa nini. Mstari huo mmoja ulinichukua muda mrefu kuliko kurasa nzima.

Bado nina wivu. Kipimo ni chake, jina kwenye ripoti litakuwa lake, na ule mwandiko wake bado unaniumiza macho.

Jua linazama, Sabato inaingia, lazima niweke kalamu chini. Kesho mkebe utakaa na maji yake, kama yatakuwepo. Nitayasoma Jumapili, ya siku mbili pamoja, na kwenye Jumamosi sitaandika sufuri. Nitaandika: sikuangalia.

Halafu saa tatu nitakuwa kwa Nyokabi. Ikiwa imenyesha, namba ya kwanza kwenye Jumapili zake itakuwa kwa mwandiko wangu wa darasa la saba. Ikiwa haikunyesha nitaandika sufuri, na itakuwa sufuri ya kwanza pale ambayo mtu alienda kuitazama.