Herufi Mbili Zilizodondoka

Alhamisi, 6 Machi

Vimefika! Maboksi manne, yamekazwa kamba utadhani yana mbuzi ndani. La kwanza nimelikata kwa kisu cha mkate. Jina langu juu ya jalada. Langu! Nikanusa kurasa kama mwehu.

Wachapishaji wawili hawakunijibu hata salamu. Wa tatu alisema riwaya ya seremala na mkewe haina mnunuzi. Basi nikajichapishia. Nimekuwa mwandishi, mhariri, mpanga kurasa, na leo mchukuzi.

Nakala ya kwanza nimempa Mama — mama mkwe, tunaishi naye tangu nilipoolewa. Kitabu nimemtunukia yeye, ila sikumwambia, ajionee mwenyewe. Akafuta mikono kwenye gauni, akakipokea kwa mikono miwili. Akasema atakisoma polepole, kitu kizuri hakitaki pupa. Akaingia nacho chumbani, akafunga mlango. Nampenda huyu mama, jamani.

Ijumaa, 7 Machi

Nilienda na nakala kazini kujishaua. Kazi yenyewe ni kuchapa na kusahihisha maandishi ya watu: kadi za harusi, maombi ya kazi, matangazo ya misiba. Mteja mmoja, bibi harusi mtarajiwa, akafungua ukurasa wa mwanzo, akaguna. Akaniuliza taratibu, mama mkwe amenifanya nini? Sikumwelewa. Akanionyesha.

Mimi niliandika: "Kwa mama mkwe wangu, aliyenichukulia kama mwanawe."

Kilichochapwa: "Kwa mama mkwe wangu, aliyenichukia kama mwanawe."

Mungu wangu! U na L. Zimedondokea wapi, sijui. Ukurasa ule nimeupitia hata nikaukariri — kumbe nilikuwa nasoma kilichomo moyoni, si kilichomo kwenye karatasi. Mimi! Ninayemganda kila mteja asome tena kabla hajaondoka. Kinyozi hajinyoi, kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema mbona sijakosea sana, kwa fimbo alizokula yeye utotoni, "kama mwanawe" ndiyo hivyo hivyo. Kisha akafuta machozi, akaniambia nimweleze tu, Mama ni mtu mzima. Rahisi kwake, ni mamake. Mimi ni wa kuja.

Nimeshinda mezani na kalamu nyeusi, nachomeka "ul" kitabu kimoja kimoja. Mwandiko unaanza vizuri, halafu unachoka. Na kila ninapochomeka nasikia swali lile lile: nani alikuambia wewe ni mwandishi? Pengine yule mchapishaji wa tatu aliona mbali.

Jumapili, 9 Machi

Nimejaribu kubadilishana. Nikamwambia Mama nakala yake ina doa, nimpe iliyo safi. Akakibana kwapani! Akasema chake ni hicho, cha kwanza hakirudishwi. Ameshakivalisha karatasi ya kalenda kama daftari la mtoto wa shule. Nikamchungulia usoni nione kama amesoma. Uso mkavu. Mama alikuwa muuguzi, uso huo amewavalia wagonjwa maisha yake yote.

Jumanne, 11 Machi

Leo kasema chai haina sukari. Dalili? Lakini kila siku husema chai haina sukari.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi viatu wa karibu na duka letu, niliyemuuzia nakala juzi, kaniita barabara nzima ikasikia. Hata salamu hakuna! Alikuwa ananifokea: kwa nini nimemwacha seremala aondoke bila kumuaga mkewe? Amegoma kuendelea mpaka nimwambie kama atarudi. Na macho mekundu, kabisa. Nikamjibu aendelee kusoma, nikakimbilia chooni kwetu kazini, nikalia. Kwa furaha. Mtu kagombana nami juu ya seremala ambaye hayupo!

Halafu nikaukumbuka ukurasa ule. Basi. Nimeamua: maboksi yaliyobaki hayatoki nyumbani mpaka nizungumze na Mama. Na akiumia, siandiki tena. Bora nikose vitabu kuliko nimkose yeye.

Jumamosi, 15 Machi

Kaniwahi! Nilipanga kumwambia leo akishaoga. Kumbe kaalika wauguzi wenzake wa zamani, hao wapo sebuleni, na anawaambia atawasomea kitabu cha "mwandishi wetu". Mume wangu katorokea uani, msaliti. Mimi niko jikoni, naandika huku nimesimama, birika liko juu ya moto, mlango wa sebuleni uko wazi.

Anavaa miwani. Anasoma jalada. Sasa ule ukurasa. "Kwa mama mkwe wangu..."

Anasogeza kitabu karibu na macho. Hata kijiko hakilii.

"...aliyenichukia kama mwanawe." Kasoma hivyo hivyo! Sauti haikutikisika.

Mmoja kauliza kama si makosa ya chapa hayo. Mama kasema makosa waulizwe waliochapa, yeye anasoma kilichoandikwa, tena kakisoma tangu siku ile ile alipopewa. Siku ile ile! Halafu kasema: "Nani hapa hajamchukia mwanawe mchana, usiku akaenda kumfunika shuka?"

Wamecheka wote. Wanapiga mapaja. Nimejishika kwenye sinki.

Sasa yule mwenye sauti nene anamuuliza: na huyu, ulimchukia lini?

"Huyu? Aa! Mwaka wa kwanza wote."

Mwaka wa kwanza? Nilidhani alinipenda tangu mlangoni!

"Kaeni vizuri," anasema. "Siku anaingia humu na begi lake, nilimvuta mwanangu pembeni, nikamwambia..."

Birika linafurika, maji yanazima moto. Siligusi, nisije nikakosa neno; kitabu changu cha pili ndicho hiki kinaanza —