Mtu wa Kumi kwenye Dua ya Mzee Natani

Mama, shikamoo. Goti linakusumbua bado? Mimi mwili mzima, ila tangu Kaka Saidi aliponipigia kuwa Baba mmeshamzika, leo siku ya kumi na tisa, chakula hakipiti. Ndege hakuna, kwa ajili ya korona. Hapa Haifa haturuhusiwi kwenda zaidi ya mita mia kutoka mlangoni.

Mzee Natani, Myahudi ninayemhudumia, naye kafiwa na mkewe. Kwao dua ya marehemu haisomwi mpaka wapatikane wanaume kumi wa dini yao. Sinagogi limefungwa kwa ajili ya ugonjwa, kwa hiyo wanasali uani, barakoa usoni, kila mtu mita mbili na mwenzake. Alama za chaki nimepima mimi.

Jana asubuhi nikawahesabu kwa kidole: mmoja, wawili, watatu. Wakanipigia kelele, "Wee Juma, watu hawahesabiwi!" Kwao ni mkosi. Wanatumia aya ya maneno kumi, kila mtu neno lake. Neno la mwisho likakosa mtu.

"Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe ni mwanangu," Mzee akasema, "lakini kwenye kumi huingii."

Mama, miaka sita namwogesha! Nimesimama pale mwanamume mzima, na bado wao ni tisa.

Basi nikaanza kuita kwenye maroshani, mpaka akatokea mmoja ghorofa ya tatu, kavaa nguo za kulalia. Wakabishana kama wa roshani anafaa. Mmoja akasema anafaa, mradi uso uonekane.

"Shusha barakoa tukuone!"

"Haya, sura yenyewe ndiyo hii, msinilaumu!"

Dua ikasomwa. Mzee akalia. Mimi nikaenda nyuma ya mapipa ya taka kumlilia Baba.

Sasa Kaka Saidi anasema khitima ya arobaini niisubirie picha, eti simu kwenye dua ni aibu. Ninyi huko Somanga mtajaa mkeka kwa mkeka. Mimi huku sina hata mmoja wa kuitikia naye amina. Mwambie, Mama, wewe atakusikia. Aiweke simu mkekani, ubavuni mwa Baba Mdogo. Sitasema kitu, nitaitikia tu. Akikataa nitakuwa sikumzika Baba kabisa.

Nisalimie Mama Mkubwa wa Kivinje, na shemeji, mke wa Kaka. Mke wangu mwambie asilie mbele ya watoto.

Saa za huku na huko ni sawa majira haya. Mkianza saa nne, nami ni saa nne. Nitakuwa nimeshatawadha.

Mwanao,
Juma