Barakoa ya Selestina

Endabash, Karatu
Oktoba 2022

Kwako Sakaya, rafiki yangu wa Ololosokwan,

Ni mimi Lazaro Hhando, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, niliyeishi muda mrefu kuliko ndui, kuliko njaa ile ya unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, kuliko kipindupindu, kuliko simba aliyekula punda wangu, kuliko mapadri wanne wa parokia yetu na trekta mbili za marehemu kaka yangu Yohani. Sasa nimeishi kuliko korona pia, uiongeze hapo. Sopa, kama mnavyosalimiana kwenu. Mimi sijambo, ni mgongo tu unanisumbua nikiinama kwenye maharage. Wewe je, hujambo? Mama watoto hajambo? Watoto nao? Na ng'ombe, ambao najua unawapenda kuliko hao wote niliokwisha kuwataja, wamenenepa? Mvua imewafikia huko, au bado mnatazama mawingu ya watu wengine?

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Najua utasomewa na binti yako. Nalotuesha mwanangu, marahaba, maana najua umeniamkia. Soma polepole, usiruke neno, na baba yako akianza kubisha usimngoje, wewe endelea. Mimi niliishia darasa la pili, lakini darasa la pili la wakati wa mkoloni ni zito kuliko kidato cha nne cha siku hizi. Ukiona mstari umepinda, hiyo ni kalamu, si mimi.

Sakaya, nina habari! Tangu ilipotokea natembea kijijini kama bwana harusi. Lakini ngoja niianze nyuma, maana wewe hupendi hadithi inayokuja kichwa bila miguu.

Unamkumbuka Selestina, mjukuu wangu, binti wa Silvanus. Ndiye aliyekuletea maziwa mgando siku ile ya mnada, ukaniuliza pembeni kama ni bubu. Si bubu. Ni meno. Maji ya kisima chetu yana madini, ndivyo wanavyosema wataalamu, na mtoto aliyekua akiyanywa meno yake hutoka ya kahawia, mengine na madoa. Wengi hawajali, wanakula, wanacheka, wanaoa. Selestina alijali. Akiongea alifunika mdomo kwa kiganja. Akicheka aligeukia ukutani. Darasani Mwalimu Katarina akiuliza swali, jibu mtoto analo, lakini analikalia kama kuku aliyelalia yai. Wenzake walimpa jina, wakamwita Kutu. Akawa wa mwisho mwisho katika kila mtihani wa kujieleza, na mimi nikadhani ni uzito wa kichwa uliotoka kwa ukoo wa mama yake.

Basi mwaka jana, ugonjwa ulipopamba moto, tukaitwa kikao cha wazazi. Huyo Mwalimu Katarina, anayefundisha darasa la Selestina, akatutangazia kwamba kuanzia Jumatatu mwanafunzi na mwalimu wote watavaa barakoa darasani, na mzazi anayeingia pia. Nani alisimama wa kwanza? Wewe unanijua. Nikasema ndama anayeachishwa ziwa ndiye anayefungwa mdomo, na mimi niliachishwa ziwa kabla ya baba yake mwalimu hajazaliwa. Nikasema korona ni ugonjwa wa watu wa ndege, hauwezi kupanda mlima wetu kwa miguu. Nikasema watoto watakosa pumzi waanguke kama kuku wa kideri. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatoka darini! Aliyepiga kuliko wote ni jirani yangu Tluway.

Mwalimu Katarina ni mpole, lakini ulimi wake ni wembe. Akaniambia sawa mzee wangu, wewe barakoa huihitaji, toka ukae nje ya dirisha, kikao utakisikia ukiwa huko huko. Sakaya, nilikwenda nikasimama nje! Upepo ulinipiga mpaka masikio yakawa kama si yangu, lakini sikuondoka. Ningeondoka wangesema nimeshindwa.

Mwezi ule ule tukamzika Tluway. Alikosa pumzi. Hapo nikaacha kufanya mzaha, lakini kuivaa barakoa bado nilikataa, maana nilikwisha kusema mbele za watu.

Ila nilikuwa nakwenda shuleni kuchungulia dirishani, niwe wa kwanza kuona watoto wakianguka. Hawakuanguka. Siku moja nachungulia, namwona binti amesimama mbele ya ubao, amevaa barakoa ya kitenge cha bluu, anaeleza hesabu ya sehemu kwa sauti kama ya mnadi wa ng'ombe. Mmoja akabisha. Binti akamgeukia, akamwambia kama unabisha njoo ushike chaki wewe, chaki haiumi. Darasa zima likacheka. Nikamuuliza mlinzi wa shule aliyekuwa karibu yangu, huyu mtoto hodari ni wa nani, amehamia kutoka Karatu mjini? Mlinzi akanitazama kama anayemtazama mlevi, akasema mzee, umemsahau mjukuu wako?

Nilishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Ni Selestina! Kumbe sauti ilikuwepo siku zote, imefichwa nyuma ya kiganja.

Siku hiyo hiyo nilipanda bodaboda mpaka Karatu mjini, kwa Nafisa, yule mama anayeshona nguo sokoni. Nikamwambia anishonee barakoa ya kitenge kile kile. Akaniuliza mzee Lazaro, si wewe uliyesema mambo ya ndama? Nikamwambia ashone, asinihoji. Niliivaa kanisani, niliivaa mnadani, niliivaa shambani nikiwa peke yangu na ng'ombe. Na nilikuwa mkali, Sakaya! Aliyeishusha kidevuni nilimgombeza kama mtoto. Mtu wa kuwafundisha wengine barakoa katika kata hii alikuwa mimi.

Selestina naye akapaa. Akawa mkuu wa midahalo. Akasoma somo la kwanza kigangoni, watu wazima wakageuka kutazama ni nani. Mwisho wa mwaka akawa wa pili darasani, na huyo wa kwanza ni mtoto wa mwalimu, kwa hiyo mimi namhesabu wa kwanza.

Mwaka huu ugonjwa ukapungua. Tukaitwa tena, tukaambiwa barakoa sasa basi. Nikasimama wa kwanza, nikapinga! Nikasema ziendelee, vumbi ni jingi, mafua hayajaisha, na watoto wamezizoea. Kikao kizima kilicheka mpaka mwenyekiti akavua miwani afute machozi. Mmoja akaniuliza, na yule ndama vipi, mzee? Nikamjibu kwamba ndama wa leo ana akili kuliko wewe. Lakini nilishindwa, Sakaya. Nakiri hapo tu.

Watoto wote wakavua, isipokuwa Selestina. Mwalimu Katarina alimwacha, akajifanya haoni. Lakini wakati wa mapumziko wenzake wawili wakamvizia, wakamvuta ile barakoa, ikakatika kamba, na lile jina la Kutu likarudi uwanja mzima. Alikuja nyumbani amefunika mdomo kwa sweta. Kesho yake hakwenda shule. Wala siku zilizofuata. Na mtihani wa darasa la saba ulikuwa unakuja mbio.

Silvanus, ambaye kama ujuavyo anaendesha wageni huko Ngorongoro na anaonekana hapa mwisho wa mwezi tu, alipiga simu akasema asiyetaka shule asilazimishwe, kuna mama Karatu anatafuta msichana wa kulea mtoto, Selestina aende. Nikamjibu kwamba huyu hatoki katika boma langu kwenda kubeba mtoto wa mtu mgongoni. Akasema basi mrudishe darasani, baba, wewe si ndiye unayeweza kila kitu. Aliniweza hapo. Nilimbembeleza Selestina, nikamfokea, nikamwahidi mtamba. Akatikisa kichwa tu.

Sasa sikiliza. Asubuhi moja nikapita nyuma ya jiko, nikamkuta amechuchumaa, anasugua meno kwa mkaa uliosagwa na mchanga. Mate aliyotema yalikuwa na damu. Nikamuuliza unafanya nini, mama? Akaniambia nafanya kama ulivyofanya wewe, babu. Si ulisema yako yalitakata kwa mkaa na uvumilivu? Mimi nasugua tangu darasa la tatu. Labda mkono wangu hauna nguvu kama wako.

Nilikaa chini pale pale kwenye majivu.

Kisha nikainuka, nikamwambia avae sare, na barakoa avae kama anataka, anisindikize shuleni, mwalimu ameniomba nikawasimulie watoto habari za ndui. Alikuwa hajaniomba, lakini Mwalimu Katarina ana akili. Aliponiona mlangoni na Selestina nyuma yangu, akasema karibu mzee, tulikuwa tunakungoja.

Nikasimama mbele ya darasa la saba. Nikawauliza, katika Endabash yote, nani mwenye meno mazuri? Wakaitikia kwa pamoja, babu Lazaro! Ndiyo, wanajua, nimewaambia miaka yote. Wewe mwenyewe, Sakaya, unayemfungua ng'ombe mdomo kabla hujamtazama kwato, ulitangaza mnadani kwamba Lazaro ana meno ya dume la miaka mitatu.

Basi nikaingiza vidole mdomoni, nikayatoa. Ya juu, halafu ya chini. Nikayaweka juu ya meza ya mwalimu, karibu na boksi la chaki.

Ndiyo, rafiki yangu. Nalotuesha, mrudie baba yako hapo, hakusikia vibaya. Ni ya bandia. Yangu ya asili yalikuwa ya kahawia kuliko ya Selestina, lakini yalikuwa mazima, yanavunja mfupa. Kabla sijakufahamu, mnunuzi mmoja aliniuliza mnadani mbele za watu kama nakula udongo. Nikauza maksai, nikaenda Arusha kung'olewa yote. Daktari wa kwanza alikataa, akasema haya hayana ugonjwa, hiyo ni rangi tu. Nikamtafuta mwingine. Nikarudi na meupe, nikasema ni mkaa, na watu wakaamini. Waliokumbuka yale ya zamani nimewazika wote, na marehemu mke wangu Laurencia hakuitoa siri yangu. Siku ile ya tohara ya mwanao, uliponipa ubavu wa heshima nikaukataa, ukanuna usinijulie hali mpaka mvua za mwaka uliofuata, haikuwa dharau. Nisingeweza kuutafuna. Harufu yake ilinitoa machozi, nikasema ni moshi.

Hayo yote niliwaambia watoto wale, nikiwa kibogoyo, maneno yanatoka na upepo. Nikawaambia mimi nililipa nitolewe meno mazima kwa ajili ya mdomo wa mtu mmoja ambaye hata jina lake silikumbuki. Nikawaambia ng'ombe tunamtazama meno tujue umri, hakuna mjinga anayemchinja kwa kuwa meno ni ya kahawia. Nikawaambia mkaa ni uongo wangu, asiguse mtu tena.

Ungewaona, Sakaya! Macho yote yako mezani. Mmoja wa nyuma alipanda juu ya dawati ayaone vizuri. Halafu Mwalimu Katarina, mtu wa heshima zake, akaanza kutetemeka mabega, akajizuia, ikashindikana, akakaa sakafuni kabisa akicheka. Darasa likalipuka. Nami nikatafuta uso mmoja tu. Selestina alikuwa amekumbatia tumbo, anacheka mpaka anakosa pumzi, na ili apate pumzi akaivuta barakoa chini ya kidevu. Meno yake yote nje, na hakuna anayeyatazama. Wawili wale waliomkatia kamba walikuwa wanayatazama yangu. Kisha akapaza sauti ile ya ubaoni, akasema babu, rudisha meno yako, nzi wanakuja!

Tangu siku hiyo hajakosa shule. Barakoa anayo mfukoni, simnyang'anyi, siku nyingine huivaa mpaka mlangoni pa darasa. Lile jina wengine bado humwita, na yeye humjibu mtu hapo hapo, nadhani wanaanza kujuta. Jana amemaliza mtihani wa darasa la saba. Silvanus alipiga simu kuuliza habari za yule mama wa Karatu, Selestina akaipokea yeye, akamwambia baba yake atafute msichana mwingine.

Mimi je? Wananiita Kibogoyo kijiji kizima, na sijawahi kutembea kifua mbele hivi. Yupo nani mwingine katika wilaya hii aliyefundisha darasa zima kwa meno yasiyokuwa mdomoni?

Silvanus atapita huko na wageni wake wa Serengeti, ndiye atakayekuletea barua hii. Nisalimie mama watoto, wanao wote, na yule dume mweusi uliyekataa kuniuzia. Nikija kwenu usinichomee ubavu. Nipikie supu, nami nitainywa bila kuona haya.

Ukisema nimetia chumvi, muulize Mwalimu Katarina, ambaye sketi yake ilijaa vumbi la sakafu siku ile. Muulize mlinzi wa shule, aliyekuja mbio akidhani darasa limevamiwa na nyuki. Na ukiwakataa hao, njoo umuulize Selestina mwenyewe. Atakujibu mdomo wazi.

Ni mimi rafiki yako asiyeshindwa,
Lazaro Hhando