Kinu Chako cha Upepo Kimenyamaza

Nekesa mjukuu wangu,

Ni mimi kukhu yako. Mkono ni wa mwalimu wako, Madam Chebet, lakini maneno ni yangu. Nimemwambia akirekebisha hata moja, atatoka hapa Langas mikono mitupu.

Amekuja kuchukua kinu chako cha upepo. Darasa lenu linataka kukimalizia, wakipeleke mashindano ya sayansi. Mara ya kwanza nilimfukuza. Ndiyo, na mwiko nilikuwa nao mkononi. Angejua nini? Tangu tukuzike kule nyumbani, hakuna mtu wa kuniuliza kama nimekula. Nilibaki na ile krr-krr ya kinu chako nje ya dirisha. Nilikuwa nakisalimia kila asubuhi. Usinicheke.

Halafu nikakiharibu mwenyewe. Nilisikia kinalia vibaya, nikapanda stuli nikakipaka mafuta ya kupikia, yale magumu ya kopo. Baridi ya Eldoret unaijua. Kufika asubuhi mafuta yameganda kama mshumaa. Upepo unavuma, kinu kimesimama tu. Nyumba ikanyamaza, mama. Ikanyamaza kabisa. Ndio nikatuma Madam aitwe arudi.

Amekisafisha kwa mafuta ya taa, kisha akanisomea daftari lako. Kumbe niko ndani! Umeandika kwamba mabawa yalikuwa yamesimama wima, kinu kinajikokota, mpaka siku ile tunapepeta maharagwe nikakupigia kelele: "We msichana, ungo hausimamishwi mbele ya upepo kama ukuta! Inamisha!" Ukaniachia ungo ukatoka mbio. Mimi nikadhani umenuna. Kumbe umeenda kuinamisha mabawa.

Ukurasa wa mwisho umeandika, "Kesho: kuinamisha kidogo zaidi."

Hiyo kesho... Wacha. Madam, andika hivyo hivyo.

Basi wakichukue. Maharagwe hayaachwi katikati ya kupepetwa eti mwenye ungo ameenda. Mimi nitazoea hili dirisha bubu, au sitazoea.

Lakini nakuahidi, siku ya mashindano nitaketi mbele kabisa na leso yangu ya kanisa. Wakiuliza kazi ni ya nani, nitasimama nitaje jina lako kabla mtu yeyote hajafungua mdomo.

Lala basi, mtoto wangu. Leo tena nimepika maharagwe ya watu wawili.

Kukhu yako