Roboti ya Mars Ilivuka Bila Kulowa

Yaya Nabintu, dada yangu,

Uvira nimefika, niko mzima, ni sketi tu inakaushwa na upepo wa ziwa. Luvungi nilipanda gari moja na prof wa fizikia. Alipakata roboti ya magurudumu sita, mfano wa zile za Mars, akawaonyeshe wanafunzi. Njia nzima alitufundisha: "Roboti inatangulia penye hatari, kwa sababu uhai ya muntu haina bei." Tukaitikia kama kanisani.

Mbele, mto ulikuwa umefunika barabara. Unawajua mashofa wetu wa magari: abiria aliyesema sana ndiye anapima maji.

"Prof, weye shuka," shofa akasema.

Nikauliza, "Si roboti itangulie?"

"Itaharibika!"

Akaifunika kitenge changu, akavua suruali, akaingia na fimbo. Maji yalimkomea mapajani. Tukashuka wote kumfuata kwa miguu, gari liwe jepesi. Roboti ikavuka peke yake garini, imeketi mbele kando ya shofa.

Sasa ninakula samaki wa ziwa, mukeke wa kuchoma, ninakuwaza. Kitenge bado kiko na roboti. Prof anaogopa itashikwa na baridi. Mungu akulinde, yaya. Sisi watu tumebaki naye tu.

Mdogo wako,
Riziki